Jumapili za Salfa za Marehemu Dismas Kasmiri

Kila alfajiri, kabla ya kunawa uso, marehemu Dismas Kasmiri alichota jivu jikoni, akasimama uani na kulirusha juu. Alilitazama mpaka chembe ya mwisho itue, ndipo alipotusalimia sisi wa nyumbani kwake.

Alizaliwa Mtua, Nachingwea, tarehe 14 Machi 1956, akasoma hukohuko na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Mwaka 1979 alihamia hapa Narung'ombe, akapanda mikorosho mia na kumi mteremkoni. Chini ya mteremko huo alijenga nyumba.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na Dionisia Rogath. Jambo moja tu liliwasumbua. Kuanzia Juni hadi Agosti, mikorosho ikipuliziwa unga wa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, yeye aliwasha mashine Jumapili, saa ya misa ya kwanza.

"Baba Apolinari, shetani ndiye anayekupangia ratiba?" mkewe alimuuliza, kitenge cha kanisani begani.

"Mniombee na mimi," alijibu.

Tuliporudi kutoka kanisani tulikuta vyombo vimeoshwa upya na jikoni kumefagiliwa. Tulidhani anafanya toba. Maneno yalisambaa, na mwaka 2016 jumuiya yetu ya kanisa ilimvua uenyekiti. Hakujitetea.

Desemba 2024, marehemu akiwa tayari anaugua figo, mpwa wake Rosa, anayesoma wasifu huu, alimwonyesha kwenye kompyuta upepo wa shamba lake, uliokokotolewa chuoni. Mahali pote hewani penye kasi ileile paliunganishwa kuwa utando mmoja mwembamba, wa buluu.

"Kama shuka la shangazi yako kambani," alicheka. "Na upepo mdogo zaidi, una shuka lake?"

Rosa alipunguza kasi. Utando ulishuka taratibu kama usingizi, ukapita juu ya mikorosho, ukajikunja, ukaifunika nyumba yote. Ndani yake upepo huchoka, na vumbi likiingia hubaki humo mpaka litue.

"Hapohapo," marehemu alisema, akigusa paa kwa kidole. "Jivu lilinionyesha tangu mwaka tuliooana."

Rosa alimuuliza swali moja tu: kwa nini, basi, alichagua Jumapili?

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, hospitalini Nachingwea. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na sisi wapwa tuliokulia kwake. Apumzike mahali pasipo vumbi. Mjane ameomba jibu lile lisomwe leo mbele ya jumuiya, kama marehemu mwenyewe alivyolitamka:

"Jumapili nyumba ilikuwa tupu."