Wasifu wa Marehemu Verdell Gadson Purdee, Mbandika Vigae wa Titusville

Ndugu, majirani na waumini wa kanisa la New Canaan, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu siku ya Jumanne ili kumsindikiza mama yetu. Haya ndiyo maisha yake kwa kifupi, kama sisi watu wa nyumbani kwake tunavyoyakumbuka. Anayeyasoma ni bintiye, Charmaine.

Marehemu Verdell alizaliwa tarehe 11 Juni 1947 huko Allenhurst, ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Amos Gadson na Mama Ola Mae. Baba yake alikuwa na shamba la michungwa alilorithi kwa baba yake. Verdell alikulia chini ya miti hiyo pamoja na mdogo wake Cleophus, akijua kupanda ngazi ya kuchumia kabla hajajua kusoma. Allenhurst haipo tena. Mwaka 1962 serikali ilichukua ardhi yote ya ng'ambo ile ili irushie roketi, na familia ikavuka mto na vitanda vyao, kuku wao na mashine ya kushonea ya Mama Ola Mae, wakahamia hapa Mims, kando ya Titusville.

Alisoma katika shule ya watoto weusi ya Titusville, akamaliza mwaka 1965. Alikuwa akisimulia kwamba mwezi Februari wa mwaka ule ule wa kuhama, mwalimu wao aliwatoa nje darasa zima, wakasimama kwenye nyasi kumwangalia mtu anapelekwa na roketi kuizunguka dunia. Watoto walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Yeye hakupiga kelele. Alisimama mdomo wazi, na tangu siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, "shingo ilishapinda." Alirudi nyumbani mbio amweleze baba yake, akamkuta Mzee Amos barazani amekaa na barua ya serikali mapajani.

Mzee Amos hakuisamehe roketi hata moja. Wote mliomfahamu mnakumbuka kwamba mtaa mzima ulipotoka nje kutazama, yeye aligeuza kiti chake kikatazama ukuta. Vijana walikuwa wakimchokoza: "Mzee Amos, inapanda hiyo, nyuma yako!" Naye akiwajibu, "Ikifika, mniarifu."

Kazi ya kwanza ya Verdell ilikuwa kufua mashuka katika hoteli moja ya kando ya mto. Miaka hiyo mji ulikuwa umefurika watu, vyumba havitoshi, wageni wanalala kwenye magari, na wenyeji wanawauzia kahawa na samaki wa kukaanga alfajiri. Siku za kurusha, wafuaji walikimbilia juu ya paa la hoteli na taulo zingali mabegani. Mwaka 1979 aliajiriwa kule kule ng'ambo, katika kazi aliyoifanya miaka thelathini na miwili: kubandika vigae vya kuzuia moto kwenye tumbo na mabawa ya vyombo vya anga. Kila kigae kilikuwa na umbo lake na mahali pake. Kilibandikwa kwa gundi nyekundu, kikashikiliwa mpaka gundi ishike, kisha kikapimwa kama kimeshika kweli. Kila asubuhi alipokwenda kazini alipita karibu na mahali palipokuwa shamba lao. Michungwa michache ilikuwa bado hai, imezongwa na magugu, hakuna anayeichuma.

Siku aliyomwambia baba yake kwamba amepata kazi hiyo, mzee alimgeukia.

"Kwa hiyo utakuwa unakwenda nyumbani kila siku," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Nisalimie."

Tarehe 17 Aprili 1971, katika kanisa hili hili, Verdell alifunga ndoa na marehemu Roosevelt Purdee, fundi rangi wa minara ya kurushia roketi. Walijaliwa watoto wawili, Charmaine na Darnell. Nyumba yao ilikuwa kama nyumba nyingine zote za mji huu. Vyombo vya kabati vililia kila roketi ilipoondoka, na hakuna aliyeinua kichwa kwenye sahani mpaka Baba aseme, "Hiyo imekwenda vizuri." Chombo kiliporudi kutua, tulisikia mishindo yake miwili ya angani, ya pili ikiifuata ya kwanza, na Mama akisema, "Wamerudi watoto." Ndipo nasi tuliruhusiwa kurudi kulala.

Mwaka 1986, chombo kilipopasuka mbele ya macho ya mji mzima, tulimwona Mama akilia kwa mara ya kwanza. Lakini aliyoyabeba zaidi yalikuwa ya mwaka 2003. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 1 Februari, alikuwa jikoni anapika uji wa mahindi na mayai, dirisha likiwa wazi, akingoja mishindo miwili. Saa ya kutua ilifika, ikapita. Uji ukaanza kushika chini. Roosevelt akamwambia, "Labda upepo umeipeleka sauti kwingine." Mama alizima jiko, akavaa viatu vya kazi, akakaa navyo kwenye kiti mpaka televisheni ilipotangaza kwamba chombo kile, Columbia, kimevunjika juu ya Texas na watu wake saba.

Wiki ile mji wote ulikuwa msibani. Hapakuwa na duka lisilo na kitambaa cheusi, na makanisa yalifunguliwa hata siku za kazi. Lakini mji unaopenda sana hutafuta pia wa kumlaumu. Mama alikuwa kwenye foleni dukani, mwanamke mmoja akamgeukia.

"Wewe si unabandika vile vigae? Vyako vilikuwa upande gani?"

"Vyote vilikuwa vyangu," Mama alimjibu, akaacha kikapu chake pale pale akatoka.

Baadaye ilijulikana kwamba ubawa ulikuwa umegongwa na kipande kilichobanduka kwenye tangi wakati wa kuondoka, na kwamba halikuwa kosa la wabandikaji. Hilo halikumsaidia kupata usingizi. Vipande vililetwa kwa malori kutoka Texas, vikapangwa kwenye sakafu ya banda kubwa, kila kimoja mahali pake, na Mama alikuwa miongoni mwa walioitwa kuvipanga. Alipiga magoti kwenye saruji ile mpaka mwezi Mei. Akirudi nyumbani alikula anachopewa, akaosha mikono mara mbili mbili.

Jumapili moja ya mwezi Machi, Mzee Amos, akiwa na miaka themanini na minne, alimwambia Cleophus ampeleke kwa binti yake. Aliingia na fimbo yake, akakaa kando yake kwenye kochi. Tulidhani atasema yale aliyoyasema miaka arobaini. Badala yake alimshika mkono, akaugeuza, akautazama wekundu wa gundi kwenye kucha.

"Mimi na kile kitu hatusemezani tangu mwaka sitini na mbili," alimwambia. "Ila wale walikuwa watoto wa watu. Na wewe ni mtoto wangu. Umekula?"

"Bado, Baba."

"Cleophus, mpikie dada yako."

Alikaa naye mpaka jioni. Mzee alifariki mwaka uliofuata, na Mama alisema kwamba siku ile ndiyo aliyomsamehe, ingawa hakueleza nani alimsamehe nani.

Alirudi kubandika. Chombo cha mwisho kilipotua mwezi Julai 2011, alisimama na wenzake kwenye lami wakakipigia makofi, kisha wakapewa barua za kuachishwa kazi. Maelfu walipoteza kazi mwaka huo. Mtaani kwetu kila nyumba ya tatu iliwekwa kibao cha kuuzwa. Mkahawa ambamo wafanyakazi walikuwa wakinywa kahawa ulifungwa, kinyozi akahama. Picha za wanaanga zilibaki kwenye kuta za maduka yasiyo na bidhaa, na watu bado walizifuta vumbi.

Roosevelt alipata kazi ya kupaka rangi meli huko Savannah, Georgia. Hatuoni aibu kusema kwamba jambo hilo nusura liivunje ndoa yao, maana wengi wenu mlilijua.

"Twende, Verdell," alimwambia. "Mji umekwisha huu."

"Umekwisha kwako."

"Unabaki unangoja nini? Hakuna kinachorudi!"

"Nani kakwambia nangoja? Nimechoka kuhama. Nilihamishwa mara moja kwa ajili ya roketi. Sihami mara ya pili kwa sababu zimeondoka."

Roosevelt alikwenda peke yake. Mwanzoni alirudi kila baada ya wiki mbili, halafu kila mwezi, halafu sikukuu tu. Charmaine naye alimpigia Mama simu kutoka Atlanta, akamsihi ahame, akamgombeza, akamkasirikia mwaka mzima. Mama aliuza keki za viazi vitamu, akawatunza watoto wa majirani waliobaki, akawa mhudumu wa mlangoni hapa kanisani na glavu zake nyeupe. Jioni alikaa kando ya mto na wastaafu wenzake, wakitazama upande ule usiokuwa na kitu. Mtu akipita na kuwauliza wanatazama nini, walisema wanapunga upepo.

Mwaka 2017 Roosevelt alisimama mlangoni na mfuko mmoja wa nguo.

"Nimechoka kuendesha gari," alisema.

"Basi ingia," Mama alimjibu. "Funga mlango, mbu."

Waliishi pamoja tena miaka mitatu, kwa amani ya watu ambao hata kugombana kumewachosha, mpaka Roosevelt alipotangulia mwezi Novemba 2020.

Siku hizi roketi zimerudi, za makampuni, na zinaondoka kwa wingi kiasi kwamba wengi wetu hatutoki tena nje. Mama alitoka. Hata pale moyo wake ulipoanza kushindwa, miguu ikavimba, na pumzi ikawa ya kuhesabu, alidai kusogezwa dirishani. Mjukuu wake Tamia alimuuliza, "Bibi, hiyo ni ya nani?" Alijibu, "Sijui, mwanangu. Lakini kuna mtu aliibandika."

Alilazwa hospitali mwezi Januari, akaomba arudishwe nyumbani. Charmaine alikuja kutoka Atlanta kumuuguza. Siku moja alipokuwa akimbadilishia shuka, Mama alisema, "Msinizike siku ya kurusha."

"Mama, mambo gani hayo."

"Barabara zitafungwa na magari ya wageni. Halafu msinishindanishe na roketi, Charmaine. Katika mji huu, nitashindwa."

Walicheka wote wawili mpaka akakosa pumzi, ikabidi aketishwe. Alifariki kitandani kwake asubuhi ya Alhamisi, tarehe 22 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Bintiye alikuwa ameushika mkono wake.

Ameacha watoto wawili, Charmaine wa Atlanta na Darnell wa Cocoa; mdogo wake, Cleophus Gadson; wajukuu watatu, Tamia, Marquis na Jolie; kitukuu mmoja; wahudumu wenzake wa mlangoni; na wabandika vigae wote wanaotembelea fimbo leo, aliowaita dada na kaka mpaka mwisho.

Familia ilitii agizo lake. Jumamosi ilikuwa siku ya kurusha, nasi tukachagua Jumanne. Lakini tulipokuwa tukipeleka karatasi hizi kuchapwa, tuliarifiwa kwamba upepo umeichelewesha roketi na sasa itaondoka leo, karibu na saa ya mazishi. Hatukuwa na nguvu ya kubadilisha tena. Kwa hiyo tunawaomba hivi: ikinguruma tukiwa kaburini, mchungaji atanyamaza. Anayetaka kuinua macho na ayainue, haitakuwa kumkosea heshima marehemu. Tutasubiri mpaka ipotee, kisha tutashika makoleo tumalize kumfukia.

Mama Verdell, kazi yako imeshika. Lala, upumzike kwa amani.