Bwana Makarius na Gia Nzito ya Mlima Shuka-Usukume

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuhudumia mama na mtoto katika zahanati yetu hapa Kilosa, Bwana Makarius Lugendo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Siku hiyo atakabidhi mzani wa kupimia watoto, kasha la chanjo na baiskeli. Mzani na kasha ni mali ya zahanati. Baiskeli ni yake mwenyewe, lakini amesema haiwezi kukaa nyumbani kutazama ukuta wakati mlima bado upo.

Bwana Makarius aliajiriwa mwaka 1993 kufagia na kuchota maji. Waliokuwepo wanasema alifagia huku akisikiliza, na baada ya muda mfupi alikuwa anajua tarehe za chanjo za watoto kuliko mama zao. Akapelekwa kusoma, akarudi mhudumu wa afya, na tangu hapo hajawahi kumsahau mtoto aliyempima. Hilo ni jambo zuri isipokuwa kwa watoto wenyewe wakishakuwa wakubwa. Mtendaji wetu wa kijiji, Bwana Gerald, alipokuwa akitoa karipio kali kwenye mkutano wa hadhara, Bwana Makarius aliinuka kwa heshima zote, akaomba nafasi, akasema, "Mheshimiwa nakusikia, sauti imekua. Wewe ulipozaliwa ulikuwa kilo mbili tu, tukadhani hutalia." Mkutano ulifungwa kwa sala mapema kuliko ilivyopangwa.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa huduma za mkoba, yaani kliniki ya kuwafuata kina mama huko huko waliko. Kituo chake ni Kanisani, kijiji kilichoko juu ya mlima, na njia ya kwenda huko inapita mwinuko ambao sote tunauita Shuka-Usukume. Jina hilo halikutungwa na mtu mmoja. Kila mwenye baiskeli akifika pale chini hushuka, husukuma, na kama ana pumzi iliyobaki hulitaja.

Kwa miaka mingi Bwana Makarius aliusukuma mlima ule akiwa na baiskeli yake ya Foneksi isiyo na gia, bila malalamiko. Mambo yaliharibika alipopata baiskeli nzuri zaidi.

Dada yake, Mama Scholastica, anapikia wageni na madereva wa malori kule Mikumi. Mzungu mmoja aliyekuwa akivuka Afrika kwa baiskeli alifika pale magoti yamevimba, akalala gesti siku kadhaa, kisha akapanda basi na kuiacha baiskeli yake, akisema wampe mtu mwenye kazi nayo. Ilikuwa ile ya mashindano: tairi nyembamba kama mikufu, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, mbele sahani mbili za meno, nyuma msururu wa visahani. Bwana Makarius alipoileta Kilosa juu ya keria ya basi, watu walitoka madukani. Wazee walimwuliza kama huo usukani ulipinda kwenye ajali.

Sasa, siku ile ya kuichukua kule Mikumi, alipokuwa akinywa chai, aliwauliza madereva waliokuwa wakijiandaa kwenda Iringa kupitia mlima wa Kitonga namna ya kutumia gia kwenye mlima. Kuna aliyeitwa Tumwagile, dereva wa tela, aliyemjibu kwa uzito wa mtu aliyeona mengi: "Mzee wangu, Kitonga haina ubishi. Unaingia na gia nzito tangu chini, na usiibadilishe njiani." Bwana Makarius alishukuru, akalichukua neno hilo kama lilivyo.

Ndugu msomaji, gia nzito ya lori ndiyo inayolifanya lori lipande polepole bila kuumia. Ya baiskeli iliyo nzito ni nzito kwa miguu yako. Ni neno moja, lakini lina maana mbili zilizopeana mgongo. Bwana Makarius alifika chini ya Shuka-Usukume, akajaribu gia zote, akachagua ile ambayo pedeli iligoma kabisa kuzunguka. Akaridhika. Cheni ilikaa mbele kwenye sahani kubwa na nyuma kwenye kisahani kidogo kuliko vyote, naye akakifunga kishikio cha gia kwa mpira ili isije ikachoropoka mlimani akarudi kinyumenyume kama lori lililokosa breki.

Alisimama juu ya pedeli kwa nguvu zake zote. Baiskeli ilienda kama hatua tatu, ikafikiri, ikalala chali na mzani wake. Kuanzia siku hiyo alianza kufika Kanisani akiwa amechoka kuliko enzi za Foneksi, tena kwa kuchelewa, maana kila siku ya kliniki alijaribu kwanza kupanda, akaanguka, akapumzika, ndipo akasukuma.

Kliniki ya Kanisani huwa siku ya gulio. Siku hiyo bodaboda wote wako sokoni, na pikipiki ya zahanati wakati huo ilikuwa imelala juu ya matofali. Kina mama walikuwa wakimsubiri mpaka jua linakuwa kali, kisha wanabeba ndizi zao na kushuka sokoni. Wengine walipishana naye njiani, yeye akipanda na chanjo, wao wakishuka na watoto. Mahudhurio yakaporomoka. Kamati ya zahanati ikakaa na kusema wazi kwamba yasipopanda kabla mvua hazijaisha, kituo cha Kanisani kitafungwa na kina mama watafuata huduma chini.

Mama Magreti, mwenyekiti wa kina mama wa Kanisani, alishuka mwenyewe kuja kuijibu kamati. "Nishuke na mtoto mgongoni, nipande na mtoto mgongoni, halafu mniambie mtoto anapungua? Mtakuwa mmenipima mimi!" Kisha akamgeukia Bwana Makarius. "Na wewe shemeji, hiyo baiskeli yako ni ya kupanda au ya kupigana nayo?"

Wale tunaomjua Bwana Makarius tuliona jambo lile limemwingia. Mlima ule ulikuwa na watoto wake.

Hapa namtaja fundi Abeli, mume wangu, ambaye wengi wenu mlikuja kumzika pamoja nami mwaka juzi. Abeli alikuwa akitengeneza baiskeli nje ya soko, chini ya turubai la bluu. Alikuwa na tabia ya kuweka njugu kwenye mfuko wa shati pamoja na nati, kwa hiyo mara moja moja alitafuna nati. Yeye na Bwana Makarius walikuwa marafiki wa siku zote, na walibishana juu ya gia ile mpaka chai ikapoa.

Abeli alimweleza kwa mfano wa chakula, maana alikuwa mtu wa chakula. Alisema mlima ni sinia la ugali. Ukimega tonge kubwa kama ngumi litakukaba, ukimega vitonge vidogo vidogo utalimaliza sinia unapiga hadithi. Mbele weka sahani ndogo, nyuma weka kubwa. Mguu utazunguka mara nyingi, baiskeli itasogea kidogo kidogo, lakini hutashuka. "Mlima unataka gia nyepesi, ndugu yangu." Bwana Makarius akamtazama kwa huruma. "Fundi, wewe umewahi kupanda Kitonga na tani thelathini?" Abeli hakuwahi. Mjadala ukaishia hapo.

Abeli aliona pia shida ya pili. Hata gia nyepesi ya baiskeli ile haikuwa nyepesi ya kutosha, kwa kuwa wenye baiskeli hizo hushindana kwenye lami wakiwa wamebeba chupa ya maji tu, si mzani na kasha la chanjo. Akaenda Dumila kwa muuza baiskeli kuukuu, akarudi na visahani vya nyuma vya baiskeli ya milimani, kikubwa chake kikiwa na upana wa kisosi. Akaunga cheni iwe ndefu, akatafuta na mkono mrefu zaidi wa kuirusha kutoka kisahani kimoja hadi kingine. Vyote vilikuwa tayari. Kilichobaki ni kichwa cha Bwana Makarius.

Jumamosi moja alasiri Abeli alimwita uani kwetu na kumwomba aje na mzani wa watoto. Akaning'iniza mzani kwenye boriti ya banda, akaweka ndani yake kile kisahani kidogo ambacho Bwana Makarius alikuwa akikitumia. Mshale haukutikisika. Akakitoa, akaweka kile kikubwa cha kutoka Dumila. Mshale ukajongea.

"Wewe ndiye mwenye mzani," Abeli akasema. "Ipi nzito?"

Bwana Makarius aliinama, akasogeza miwani, akausoma mzani kama anavyousoma kwa mtoto. "Hii kubwa."

"Basi Tumwagile wako alisema kweli, na mimi nimeshindwa. Mlima unataka gia nzito. Nikufungie hii nzito, au uendelee na ile nyepesi?"

Bwana Makarius alikitoa kile kikubwa mzanini, akamkabidhi. Kisha akasema kwamba amekuwa akisema hivyo hivyo siku zote.

Gulio lililofuata aliupanda mlima. Sitaki kudanganya kwamba alikwenda kwa kasi. Miguu ilizunguka kama ya bata majini, na baiskeli ilitambaa. Bibi Sesilia, aliyekuwa akirudi na kuni kichwani, aliongozana naye. Bwana Makarius akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaulizana habari za nyumbani, za mahindi, za mguu wa bibi, na habari zilipokwisha, Bibi Sesilia akamuaga, akampita, akaenda zake. Lakini Bwana Makarius hakushuka. Alifika Kanisani mapema mno akakuta hakuna mtu. Kina mama walizoea kupika uji wakimwona anasukuma pale kwenye kona, na siku ile hakusukuma. Mama Magreti alitokea mbio na mwiko mkononi, akamlaumu kwamba amewahi. Kamati iliposoma mahudhurio ya mwezi ule, habari ya kufunga kituo haikutajwa tena. Kipo mpaka leo, na watoto wake wana chanjo zao zote.

Mwaka juzi Abeli alipofariki, tulimpeleka kwao Kanisani kuzikwa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Gari lililobeba jeneza lilikwama katikati ya Shuka-Usukume, tukashuka wote na nguo zetu za msiba, tukasukuma. Tukiwa kwenye matope pale, tulisikia cheni. Bwana Makarius alikuwa anapanda kando yetu, kwenye kijia cha mbuzi, ameufunga msalaba wa mbao kwenye keria. Miguu ilikuwa inazunguka vile vile kama ya bata. Mtu mmoja akashindwa kujizuia akacheka, tukacheka sote, na gari likatoka. Abeli angefurahi kuliko sisi.

Jioni, watu walipopungua, alikuja kukaa karibu nami. "Shemeji," alisema, "Abeli alinidanganya vizuri sana. Nilijua tangu kona ya kwanza. Ila angenishinda kwa maneno, ningebaki nasukuma."

Tangu hapo hajasema tena gia nzito, wala nyepesi. Pale kazini ikija siku ngumu, foleni mpaka nje, mtandao umekatika, husikika akisema kutoka chumba cha chanjo, "Taratibu jamani, wekeni Abeli." Na wiki iliyopita niliongozana naye mpaka chini ya mlima, alipokuwa akimjaribisha baiskeli Sista Brightness, muuguzi atakayechukua nafasi yake. Brightness ni kijana, ana nguvu, na alitaka kuuvamia. Bwana Makarius alimshikia usukani.

"Hapana, mwanangu. Hapa usishindane nao. Hapa unaweka Abeli."

Brightness akasukuma kishikio, cheni ikaruka ikakaa kwenye kisahani kikubwa, akapanda. Sisi wawili tulisimama chini tukimwangalia mpaka akapotea kwenye kona. Hakushuka.

Bwana Makarius, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya kina mama wa Kanisani ambao Mama Magreti amewasemea kwa sauti, tunakushukuru. Wewe sasa ndiyo unaruhusiwa kushuka, na hutasukuma kitu. Siku zilizo mbele yako ziwe tambarare. Na pakitokea kilima, unajua la kuweka.

Doris, dirisha la kadi