Wiki ya Kumi ya Sauti Nne

Benchi lililo mbele ya duka la Meta lina urefu wa mita mbili na sentimita kumi. Nililipima mwenyewe kwa utepe wake wa kushonea, na hukalisha watu watano iwapo hakuna aliyenuna. Kivuli hulifikia saa tisa alasiri, na birika la kahawa hulifikia saa tisa na dakika kumi. Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1993 tulikuwa wanne: Meta, fundi cherehani na mwenye benchi; Antena, anayetengeneza redio za nusu ya Nyamirambo, mtaa wetu, na aliyekuwa na moja ikinong'ona mapajani; Mama Tangawizi, ambaye kahawa yake ndiyo iliyompa jina; na mimi, niliyestaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuhesabu watu katika ofisi ya serikali, na ambaye hapa huitwa Mzee Asilimia. Wa tano, Léonce, hakuwa kwenye benchi. Aliketi kizingitini mwa duka, akishona vifungo kwenye mojawapo ya mashati manne ya namna moja, meupe, yenye kola ya manjano.

Mashati hayo ndiyo yaliyoleta maneno. Jumamosi iliyofuata Illuminée, binti wa mtaa wetu, angeolewa, na kaka yake, Évode, alitaka Sauti Nne waimbe tena. Asiyetoka mtaa wetu aelezwe kwamba Sauti Nne walikuwa vijana wanne wasio na gita wala ngoma, wenye sauti tu na miguu iliyokanyaga pamoja. Mwaka 1990 wimbo wao ulikaa nafasi ya kwanza katika kumi bora ya redio kwa wiki tisa mfululizo, kuanzia tarehe 9 Juni hadi tarehe 4 Agosti. Wiki ya kumi walileta wimbo mpya, ukiongozwa na Léonce, ambaye hadi hapo alikuwa sauti ya pili nyuma ya Évode. Jumamosi hiyo hawakutajwa hata katika nafasi ya kumi. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wametawanyika. Walisema wangerudi Oktoba. Oktoba ikaja na vita, na redio ikawa na mambo mengine ya kusoma.

Tangu hapo Léonce hajaimba. Meta alimpa kazi ya vifungo na pindo, na yeye huifanya kimya. Évode alikuwa amemwendea mara tatu kuhusu arusi, na mara tatu alijibiwa maneno yaleyale: watu walishanijibu. Hata hivyo Meta alishona mashati manne. Mawili yalikuwa tayari yana vifungo, na la tatu lilikuwa mikononi mwa Léonce. La nne lilikuwa limekunjwa pembeni, halijaguswa, na alasiri hiyo mtu angetumwa kuja kuyachukua mashati pamoja na jibu la mwisho.

— Sasa watatu wataitwa Sauti Nne namna gani? Antena alianza, akipuliza kikombe. Itakuwa kama stuli.

— Stuli ya miguu mitatu iko inasimama vizuri kuliko ya minne, Meta akasema. Fundi seremala yeyote atakwambia.

— Basi ungeishonea stuli shati.

Léonce aliuma uzi, hakuinua kichwa.

Mama Tangawizi akatukumbusha jinsi Jumamosi za mwaka ule zilivyokuwa, na kwa robo saa hakuna aliyebishana na mwenzake. Saa kumi kamili redio zote za barabara yetu zilikuwa kwenye kituo kimoja. Mtu angeweza kutoka msikitini akatembea hadi uwanja wa mpira bila kupoteza neno moja la wimbo, kwa maana kila mlango ulimkabidhi kwa mlango wa jirani. Vinyozi walisimamisha mikasi. Meta alishona kola za manjano arobaini na tatu kwa vijana ambao hawakujua kuimba kabisa lakini walitaka kuonekana kana kwamba wanajua. Na kila Jumatano, kwenye benchi hilihili, tuliandika kadi za kupigia kura: kila mmoja na kalamu yake, Mama akimimina kahawa, mimi nikizikusanya, nikizihesabu na kuziandika katika daftari kabla hazijapelekwa redioni.

— Daftari bado liko? Mama aliuliza.

Nilijibu kwamba liko mahali fulani. Lilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiwiko changu.

Hapo ndipo Meta alipouliza, kwa mara ya mia labda, ni kitu gani kiliwaangusha vijana wale, na kila mmoja akatoa nadharia yake kama mtu atoaye kitambulisho.

Antena alisema ni mawimbi. Wimbo mpya ulipopigwa, mvua ilikuwa inanyesha mlima Jali, kwenye mnara, na maji yakimwagika hayazoleki. Nilimweleza kwamba methali hiyo haihusu minara, na kwamba Agosti ni kiangazi. Mwaka ule halikudondoka tone hadi Septemba. Hakutetereka. Alisema basi ni uzito: sauti ya Évode ni nyembamba, inapanda, sauti ya Léonce ni nene, iko inakaa bondeni kama ukungu. Huko bondeni Nyabugogo waliisikia vizuri sana, lakini Nyabugogo hawana kalamu.

— Na kule Amerika, akaongeza, makundi ya vijana wako watano. Kwa nini watano? Ili mmoja akishuka sauti, wanne wamvute. Hawa walikuwa wanne. Hesabu hiyo hata Mzee Asilimia hawezi kuikataa.

Meta alisema sauti haina makosa, makosa ni kola. Kwa wimbo mpya walivaa kola za buluu, kinyume cha ushauri wake.

— Redioni nani aliona kola? Antena akauliza.

— Mtu anaimba kama alivyovaa, sha, rafiki yangu. Kola ikibana, hata asiyekuona anasikia. Mavazi hayamfanyi mtawa, lakini yanamfanya mwimbaji.

Mama Tangawizi aliwasikiliza wote wawili kwa huruma. Yeye alijua tangu zamani kwamba ni mapenzi. Mwezi ule ilisemekana Évode amechumbia msichana wa Gitega, na wasichana wa Nyamirambo, ambao ndio waandishi wa kadi, wakaweka kalamu chini kwa hasira. Mapenzi ni kikohozi, alisema, ndiyo sababu Évode naye sauti ilimkwaruza. Alipoulizwa uchumba huo uliishia wapi, alisema haukuwahi kuwapo, lakini wasichana hawakujua.

Wakanigeukia mimi. Nilitoa nadharia niliyokuwa nayo tayari, kwa sababu nilikuwa nimeitoa miaka mitatu. Nilisema kwamba nimefuatilia makundi kumi na manne katika ile kumi bora. Kwamba kundi hupanda kwa wastani wa wiki nne, hukaa juu kwa wiki saba, kisha huteremka. Na kwamba Sauti Nne, kwa kukaa tisa, walikuwa wameshapita wastani kwa wiki mbili. Kuanguka kwao kulikuwa ni sheria tu. Hakuna mtu wa kulaumiwa.

— Sheria ingewateremsha hadi nafasi ya pili, Léonce alisema kutoka kizingitini. Ya tatu, labda.

Lilikuwa neno lake la kwanza alasiri ile. Tukanywa kahawa.

Ndipo akafika msichana mwenye kikapu kitupu. Alijitambulisha: Connie, binamu wa bibi arusi, amekuja juzi kutoka Bujumbura, ametumwa mashati. Mama Tangawizi alimpa kikombe na nafasi kwenye benchi, nami nikasogea. Hakuwajua Sauti Nne. Walipoimba huko hewani yeye alikuwa shuleni Burundi. Kwa hiyo Antena, Meta na Mama wakamweleza yote tangu mwanzo, wote watatu kwa pamoja, mvua na kola na mchumba wa Gitega, huku mtu waliyemzungumzia akiwa hatua tatu kutoka hapo na sindano mkononi. Connie alisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akauliza.

— Samahani, wazee wangu. Huo wimbo aliouongoza kaka Léonce, ulikuwa mzuri?

Meta alimtazama Antena. Antena alimtazama Mama.

— Mi siku hiyo nilikuwa na redio kumi na moja mezani, Antena alisema polepole. Zote zimefunguliwa matumbo.

— Nilikuwa msibani Rwamagana, Mama akasema.

— Ulipigwa mara moja tu, Meta akasema. Alhamisi asubuhi, kabla ya Jumatano ya kadi. Cherehani ilikuwa inakwenda.

— Basi mlijuaje kwamba haukuwa mzuri?

Nilihesabu, kwa mazoea: watu wanne, miaka mitatu, na hata mmoja hakuwa ameusikia. Léonce alikuwa ameshusha shati mapajani. Hakumtazama Connie, alitutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma orodha asiyoiamini.

Nikafungua mkoba na kutoa daftari.

Niliwaambia kwamba wiki ya tisa Sauti Nne walipata kadi 118, na kundi la pili 61. Kati ya hizo 118, kadi 38 zilitoka kwenye benchi letu. Basi Jumanne iliyofuata nilipiga hesabu: ukiondoa kadi zetu zote, bado wangebaki na 80, na ushindi wa kadi 19. Nikashauri tupumzike wiki moja, kadi zikae hadi wimbo mpya uzeeke na kuhitaji msaada.

— Nakumbuka, Meta alisema. Ulituchorea hata mistari.

— Mistari hiyo niliichora pia kwa kinyozi. Na kwa wauza vitambaa wa Biryogo. Na nje ya msikiti baada ya swala ya alasiri, kwa sababu waliniomba niwaelezee.

Antena alianza kucheka, kisha akaacha.

— Wote wakapumzika, akasema.

— Wote. Hesabu ilikuwa sahihi kwa benchi moja. Kila benchi lilidhani ni hilo peke yake linalopumzika.

— Na weye ulijua.

— Jumatatu yake nilikwenda redioni kumuuliza karani wa barua. Nilijua tangu siku hiyo.

Sikuwa na maelezo ya kwa nini nilikaa kimya. Mtu aliyehesabu nchi nzima hapendi kusema kwamba alikosea mtaa wake mwenyewe. Nilipanga kusema Oktoba, watakaporudi na wimbo mwingine. Na baada ya Oktoba ile kila kitu cha kabla yake kilionekana kidogo mno kurudiwa, isipokuwa kwa kijana mmoja aliyeshona vifungo mbele yangu kila Jumamosi.

— Nisamehe, Léonce, nilisema.

Alizungusha sindano vidoleni kwa muda ambao, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikuupima. Mama Tangawizi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Connie. Likatoa nusu kijiko na masalia ya tangawizi. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Karani alikupa idadi? Léonce aliuliza hatimaye.

— Wimbo wako ulipata kadi tisa.

— Tisa, alirudia. Bila nyinyi.

— Bila sisi.

— Zilitoka wapi?

Nilikuwa nimeyaandika hayo pia. Nikamsomea: Gisenyi moja, Rwamagana mbili, Cyangugu moja, Byumba tatu, Gitarama mbili.

— Na Nyamirambo?

— Sifuri.

Hapo akacheka, kicheko kifupi cha puani, na nikakumbuka kwamba zamani alikuwa mtu wa kucheka. Aliniomba nisome tena. Nilisoma polepole, naye akawa anakunja kidole kwa kila mji, kama anayewaweka watu wale kwenye viti. Cyangugu, alisema, mbali kote kule. Mtu wa Cyangugu aliusikia mara moja, Alhamisi asubuhi, akaenda kutafuta kadi.

— Kaka, Connie akasema, Évode ananingoja na jibu.

Léonce alilikunja shati la tatu, akalitia kwenye kikapu cha Connie juu ya mengine mawili. Connie akainuka, akaweka kikombe chini, akashika mpini wa kikapu.

— Kaa kidogo, dada, Léonce akasema. Bado moja.

Akalivuta shati la nne, akalikung'uta, akachagua kifungo ndani ya kopo la Meta na kukijaribu kwenye tundu lake. Kisha akalowesha ncha ya uzi mdomoni, na alipokuwa akilitafuta tundu la sindano dhidi ya mwanga, tulisikia kutoka kooni mwake kitu fulani kinene, cha chini, ambacho hakuna hata mmoja kati yetu aliyekijua. Antena alizima redio. Shati lilikuwa na vifungo saba, nami nilivihesabu vyote.