Filimbi ya Kurudi

Mwaka ule wa vita, mtu aliyekimbia peke yake Bunia aliulizwa anakimbia nini, ila kundi lililokimbia likiimba liliachwa lipite. Ndiyo maana futingi, mbio za pamoja za asubuhi, ilijaa watu. Kila siku walivuka daraja la mto Shari, wakapanda mlima kwa kasi, wakalala kifudifudi kupiga pompaje katikati ya barabara, kisha mwalimu wao Camille akapuliza filimbi, na walio mbele wakageuka kumfuata aliye nyuma kabisa. Mjini walirudi wote pamoja. Baadaye walikalia benchi la Kaswera, mama wa Butembo aliyeuza kahawa, wakabishana mpaka termosi ikauke. Leo hawakukimbia. Jana milio ya risasi iliwakuta mlimani, wakatimua mbio, na Gustave hajaonekana tangu hapo. Kikombe cha Gustave, Kaswera alikuwa amekiweka mezani, kimefunikwa kisahani, na kila mmoja alikaa akikipa mgongo.

— Jana weye ulifika mbele yetu, Michée, alisema Tharcisse, muuza vidonge waliyemwita Docta. Kila siku tunakungojeaka, jana umetuacha. Na miguu ni ile ile. Njo kusema ugonjwa yako ilikuwa mu kichwa.

Michée, fundi cherehani, hakubisha. Kwake mlima ulianza kitandani, kabla hajavaa viatu. Pumzi ilikuwa bado ipo, miguu bado ipo, lakini kichwa kilishasema tosha. Na wale waliomsubiri juu, hata walipompigia makofi, alitamani ardhi immeze.

— Kichwa ni muoga kuliko mwili, Docta aliendelea. Kinalia nakufa, nakufa, na mwili haina hata kiu.

— Hapana, alidakia Lucien, aliyeitwa Radio kwa sababu hakuna habari iliyompita. Ni macho ya watu. Mutu mu groupe anachoka mara mbili: anachoka kukimbia, anachoka kuangaliwa. Mi nasema tuwafunge wote kitambaa kwa macho.

— Mutafika Mahagi, kwa mupaka, bila kujua, alisema Kaswera.

— Na tutafika mbio.

Walicheka kidogo.

— Dawa tuko nayo bure, alisema Docta. Ni woga. Jana woga imemuponesha Michée. Camille aweke mutu mu majani na bunduki, kila asubui, utaona kama tutakosa bingwa hapa Bunia.

— Docta, wacha.

— Ni science, mama.

— Gustave iko Marabo, alisema Radio haraka, ingawa hakuna aliyeuliza. Iko na shemeji kule. Saa hii anakula ndizi.

— Ao alipanda lori ya Mahagi, alisema Docta.

— Ule mutu na mbio yake? alisema Radio. Saa hii iko Uganda, wanamuvalisha medali.

Michée aliweka kahawa yake chini. Gustave alikimbia vita kutoka Iga Barrière, yeye na mkewe, mikono mitupu, na alikuja kwenye futingi ili achoke, apate usingizi. Ukimtoa Camille, hakuna aliyemfikia kwa mbio. Hata hivyo filimbi ikilia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka, akashuka mpaka kwa Michée, akakimbia ubavuni mwake. “Usiangalie mwisho ya mulima,” alimwambia. “Angalia mugongo ya Camille. Mugongo tu.”

Jana Michée aliuangalia mgongo wa Camille mpaka darajani. Aliuangalia hata alipompita Gustave ameinama, ameshika goti. Aliuangalia hata aliposikia jina lake likiitwa. Hakuwa amemwambia mtu, na aibu ilimla.

Camille alizungusha kamba ya filimbi kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena.

Ndipo akaja mwanamke ambaye hakuwahi kufika kijiweni pale. Ni Alphonsine, mke wa Gustave.

— Karibu, mama. Ikaa, alisema Kaswera.

Hakukaa.

— Bwana yangu ananiambiaka futingi yenu iko na sheria, alisema taratibu. Wa mbele anarudilia wa nyuma. Jana, nani alimurudilia?

Docta alikodolea macho kikombe chake mwenyewe. Camille alipeleka filimbi mdomoni, akaishusha. Kaswera akainua termosi kumjazia mtu yeyote, ikatoa matone mawili.

— Nilimupita, mama, alisema Michée. Kwa mupando. Alikuwa anashika goti. Aliniita, sikugeuka.

Alingoja matusi, na aliyataka.

— Upande gani ya njia? aliuliza Alphonsine.

— Kushoto. Karibu na tanuri ya matofali.

Mama yule aligeuka na kushika njia ya Shari, peke yake. Michée alifunga kamba za viatu. Hajasimama bado, kichwa kilishasema tosha. Alisimama. Alimpita Alphonsine akikimbia katikati ya barabara, na mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu wa kuangalia.

— Weye, unakimbia nini? mtu alimpigia kelele kutoka kibanda cha kando ya njia.

Aliendelea kukimbia. Nyuma yake filimbi ya kurudi ililia, imechelewa siku nzima, kisha akasikia miguu. Hakuna aliyeimba.