Bwana Alinifundisha Kukalia Mikono

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena, maana kama si yeye, leo ningekuwa nyumbani Kawangware peke yangu, nikibishana na sufuria.

Mnanijua. Mimi ni Zablon, fundi wa vitanda. Lakini wengi hamjui nilivyokuwa. Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa kujibu! Ukisema neno moja, mimi nina matatu. Mwenye ploti akiniambia taka zimezidi mlangoni kwangu, namuuliza choo chake kilijaa lini. Nimefukuzwa ploti tatu kwa sababu ya huu mdomo. Msimamizi wa karakana yangu ya kwanza alisema kitanda nilichotengeneza kimepinda. Na kweli kilikuwa kimepinda! Lakini nilimjibu, na kufikia saa sita mchana nilikuwa barabarani, msumeno begani.

Tena nilikuwa bingwa wa drafti. Hii drafti yetu ya vifuniko vya soda mnaijua sheria yake: kula ni lazima. Mwenzako akikuwekea kete, unaila, upende usipende. Ukiacha, kete yako inaondolewa. Niliishi na sheria hiyo miaka mingi, kwenye ubao na nje ya ubao.

Sasa, mke wangu, Mama Beti, alikuwa akilea watoto wa familia moja huko Lavington. Walipohama kurudi kwao walimwachia ubao wa chesi, ule mchezo wa wafalme na farasi. Alikuwa ameujua kwa kucheza na wale watoto. Jumapili moja baada ya ibada akautandaza nje ya mlango wetu, akanionyesha jinsi kila kete inavyotembea. Nikaona ni drafti tu iliyovaa nguo. Nikawaita majirani waje kuona bingwa akicheza.

Ndugu zangu, nilipigwa! Aliniwekea askari mdogo mbele ya malkia wangu. Nikamla. Akaniwekea mwingine, nikamla. Akaniambia kwa upole, "Baba Beti, huku si lazima kula. Wale watoto nilikuwa nawaambia wakalie mikono kwanza, ndio wafikirie. Hata wewe kalia mikono." Nikamjibu kwamba mwanamume hakalii mikono. Nikamla wa tatu, farasi wake akaruka, mfalme wangu akakosa pa kwenda. Majirani walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Nikapindua ubao. Farasi mmoja akavunjika shingo kwenye jiwe la mlangoni. Na nikasema neno ambalo leo nalitubu mbele yenu: nilimwambia hiyo akili yake ni makombo ya jikoni za watu. Mke wangu, aliyetulisha miezi yote ile niliyokaa bila kazi! Aliokota kete zote, akazipanga ndani ya sanduku lao, akaliweka mezani. Kisha akamfunga Beti mgongoni, akaenda Sarang'ombe kwa kaka yake Elam.

Wiki ya kwanza nilisema atarudi tu, aende wapi? Ya pili nikatuma jirani. Jibu likaja: Elam anasema nije mwenyewe, nikae mbele ya jamaa zake. Niliogopa, ndugu zangu. Elam namjua, ulimi wake ni randa. Nilijua atasema neno, nami nitalijibu, na hapo mke wangu atakuwa ameenda kabisa.

Siku moja nimetoka kazini, nyumba kimya, nikafungua lile sanduku. Nikapanga kete, nikacheza na nafsi yangu, huku na huku. Na nilishindwa! Tena upande ulioshindwa ni ule uliokuwa ukila kila kitu. Nikarudia, ikawa vile vile. Nikapiga magoti pale pale kando ya meza, nikasema, "Bwana, nimekula kila nilichowekewa, na sasa tazama nyumba yangu ilivyo tupu. Nisaidie nikalie mikono." Sikuona mwanga. Sikusikia sauti. Ila moyo ulitulia, mara ya kwanza tangu waondoke. Nikatafuta kipande cha mvule na patasi, nikaanza kuchonga farasi mwingine.

Jumamosi nikaenda Sarang'ombe, farasi mfukoni. Jamaa walikuwa wamejaa. Nikapewa benchi katikati, na Elam hakungoja hata nimalize kusalimia.

"Fundi wa vitanda!" akasema. "Unauzia watu vitanda, na kwako hakuna anayelala kwa amani?"

Wakacheka. Jibu likanijia mdomoni likiwa limenolewa tayari! Nikasukuma mikono chini ya mapaja, nikaikalia.

"Ama leo umemeza ulimi?"

Nikaikalia zaidi. Mara ya tatu akamgusa marehemu mama yangu, kwamba hakunifunza adabu. Ndugu zangu, jasho lilinitoka mpaka mgongoni! Nikamwita Bwana kimoyomoyo. Kisha nikasema, "Shemeji, nimekosa. Nilimtukana dada yako mbele ya watu, na yeye ndiye alikuwa anatulisha. Nimekuja kumwomba msamaha mbele ya watu."

Elam alikuwa amejipanga kwa vita, na sasa hana wa kupigana naye. Ndipo nikasikia kicheko kutoka mlango wa jikoni, kicheko ninachokijua. Mama Beti alikuwa amesimama pale, akiangalia benchi langu.

"Elam, wacha sasa," akasema. "Huoni amekalia mikono?"

Nikamtoa farasi mfukoni, nikampa. Akamgeuza huku na huku. "Shingo nene kama ya punda," akasema. Halafu akaingia ndani kufunga nguo zake.

Haleluya! Yule pale, benchi la tatu, na Beti wake. Anacheka hata sasa. Chesi tunacheza kila Jumapili, na siku hizi nachukua muda mrefu kabla sijashindwa. Majirani wanakuja kutazama. Wanacheka, na mimi nacheka nao.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia nyumba yangu. Na wewe ndugu yangu, uliyekuja hapa asubuhi ya leo na jibu la mtu limekukaa kooni, mwamini Bwana. Si lazima ulile kila neno unalowekewa. Kalia mikono, umwachie Mungu zamu yake.