Ute Uliolegea Uvira: Njia Aliyopita Papa Adalbert Bahizire

Ba papa na ba maman mliolala nasi kilioni, wakubwa wa kazi, majirani wa Kasha, familia inawaomba utulivu tuwasimulie njia aliyopita mpendwa wetu.

Papa Adalbert Bahizire alizaliwa Kabare tarehe 14 Februari 1919, mtoto wa kwanza wa mzee Emile na mama Eulalie, akafuatwa na dada mmoja tu, Rosalie, ambaye kaka huyu alimbeba mgongoni hata watu wakamtania kwamba amejifungua mwenyewe. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1927 hadi 1935, na tarehe 3 Mei 1943 akaingia kazi katika maabara ya duka moja la dawa hapa mjini, kando ya ziwa, akakabidhiwa mbegu za miti ya msitu wa Shabunda, ambazo zikisagwa na kulowekwa hutoa ute wa kuifanya dawa ya maji iwe nzito, ili unga uliomo usizame chini ya chupa. Aliumimina ute katika faneli ya kioo akapima unavyoshuka, akazijua tabia zake, kwamba ukikorogwa hulegea, ukiachwa hujikaza tena, na kwa majivuno kidogo alisema ni mkaidi kuliko mkwewe.

Tarehe 20 Agosti 1945 alifunga ndoa na maman Euphrasie, wakajaliwa Pascal na Jeanine, mnaowaona hapa mbele.

Mwezi wa Septemba 1953 Delphine, mtoto pekee wa Rosalie, mwenye miaka minne, alishikwa na homa huko Uvira alikoolewa mama yake, naye marehemu akamtengenezea chupa ya kwinini kwa mkono wake, akaupima ute asubuhi, madirisha yakiwa wazi kwa baridi ya ziwa kama ilivyo desturi ya maabara, akaridhika, akaituma na agizo kwamba chupa isitikiswe, maana kuitikisa ni kuulegeza ute. Lakini Uvira ni joto, na ute ule ukipata joto hulegea wenyewe, hivyo unga ulizama na, kwa kuwa chupa haikutikiswa, ukabaki chini, mtoto akanywa vijiko vya kwanza visivyo na nguvu, na vijiko vya mwisho vikabeba kwinini yote, ikamzidi. Delphine alifariki tarehe 19, na mama yake alikuwa amefuata agizo la yaya yake, kaka yake mkubwa, vizuri kabisa.

Tangu hapo marehemu hakuwa peke yake tena, nyumbani hakuvumilia kijiko kikwaruze sahani, kazini alimwona Delphine upande wa pili wa faneli, amesimama na gauni lake anangoja, aliwaambia wenzake waziwazi, na wao wakaacha kucheka. Alianza kuupima ute ndani ya maji ya moto, akajaribu mbegu za kila namna, akitafuta ule ambao hautalegea Uvira, kana kwamba chupa ile ingerudi. Uvira yenyewe hakukanyaga, aliuogopa uso wa dada yake kuliko kifo, na sisi tuliogopa hata kumtaja Rosalie mbele yake.

Mwezi wa Machi mwaka huu wa 1958 alianza kuumwa kifua, akakataa dawa yoyote ya chupa, na tarehe 9 Juni, alipokuwa ameishiwa sauti, Rosalie aliingia chumbani, akaketi kitandani, akasema, “Yaya, miye nilikuwa nakungojea ukuje Uvira. Kila siku nilikuwa nakungojea. Ulikuwa unaogopa nini?” Marehemu alifungua macho, midomo ikacheza, na usiku wa tarehe 11 alituacha. Hatujui kama alisikia, na jambo hilo linatuuma.

Tunawashukuru madaktari na masista waliomhudumia, majirani walioleta kuni na maji, na wenzake wa maabara waliombeba leo. Maman Rosalie ndiye aliyetaka haya yote yasomwe mbele yenu, na ameomba udongo wa kwanza autie yeye, tumpishe.

Papa Adalbert, dada yako amekuja mwenyewe, pumzika kwa amani.