Lakini Si Jibu

Mwanangu anaoa! Haya, sasa hamjambo, wafanyakazi wote wa kiwanda cha mikate? Najua ukurasa huu wa kijitabu cha sherehe ya kumuaga mwanangu ulitakiwa uanze na miaka thelathini na sita ya utumishi na tarehe ya kustaafu, ambayo ni leo Ijumaa. Basi, imeshatajwa. Katibu muhtasi wenu alinipigia simu kuuliza maisha ya fundi mkuu wa mitambo ili ayaandike yeye. Nikamwambia, binti yangu, mtoto nimembeba mwenyewe mgongoni, halafu aandikwe na mgeni? Niliishia darasa la nne, ila kalamu naijua.

Huyo mnayemwita Bwana Lakini, kwa kuwa hamalizi sentensi bila neno hilo, alizaliwa na akili kupita kiasi. Akili hizo ni za upande wangu. Marehemu baba yake alikuwa mtu mwema, tuishie hapo. Akiwa na miaka saba nilimtuma chumvi dukani, hakurudi. Nikamfuata, nikamkuta amekaa juu ya kaunta, mizani ya watu ameifungua vipande vipande, anamweleza mwenye duka kwa nini inalala upande mmoja. Wateja wamejaa hadi nje, na mboga yangu inaungua jikoni. Chumvi? Aliisahau. Tulikula chakula chapwa, na majirani wakanipongeza kwa kuzaa mtoto mwenye kichwa. Nikaringa wiki nzima. Ningejua!

Hapo kiwandani aliingia kama msaidizi wa fundi, akapanda hadi kuwa mkuu, na hakuna mashine ambayo haijui inavyokohoa. Ndiye aliyewatengenezea kengele ya zamu inayolia yenyewe, inayojua hata Jumapili ni lini. Ikawa na akili kama aliyeitengeneza, hakuna mwingine aliyeweza kuinyamazisha. Siku alipolala na homa, ikalia tangu asubuhi hadi mchana. Mkaja kumchukua kwangu akiwa amejifunga shuka. Meneja akamwambia, "Fundi, nakuomba, siku nyingine tengeneza kitu ambacho hata sisi wajinga tunaweza kukizima."

Kuna lakini moja tu ninayoiheshimu. Asubuhi ile tanuri kubwa ilipokuwa tayari kuwashwa, alisimama mbele ya swichi akasema, "Lakini nasikia harufu." Hakuna mwingine aliyeisikia. Madereva wakamzomea, eti maduka yanasubiri mkate, yeye ananusa hewa. Akafunga gesi, akalifuata bomba hadi nyuma ya ukuta, likakutwa limepasuka. Wengi mnaosoma hapa mnapumua kwa sababu ya lakini ile. Hilo nawaachia mlitafakari, mimi mama yake sitaki kuonekana najisifu.

Tatizo lake, alidhani kila kitu ni tanuri. Mama wa kufungasha mikate, yule ambaye kicheko chake kinasikika hadi getini, mwanangu amempenda miaka kumi. Kila mtu alijua, hata paka wa stoo. Nikimwuliza unangoja nini, ananishushia sababu. Mama, je, akikataa, mashine yake ikiharibika nitaitengeneza huku nimetazama wapi? Je, akikubali, halafu nikafa kwanza? Na je, nisipokufa kwanza? Nguvu za kujibu maswali hayo mtu anazitoa wapi? Mdogo wake hajawahi kuwaza jambo lolote hadi mwisho. Alioa baada ya wiki tatu za kujuana, leo ana wajukuu, na ukimwuliza alifanyaje hajui. Sasa nani mwenye akili hapo?

Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Zamani nilidhani walikuwa na wivu. Ninyi waoka mikate mnalijua hili kuliko mimi: hamira ikizidi, mkate unaumuka kwa mbwembwe, kisha unaporomoka humo humo ndani ya tanuri. Tena mashine unaweza kuiwazia miaka kumi, ukaikuta pale pale. Mtu anaota mvi.

Mwezi uliopita yule mama alichoka. Akamfuata karakana, akazima redio, akamwambia, "Fundi, unastaafu. Utanioa, au nitafute mwingine wa kunitengenezea mashine?"

"Ndiyo," akasema mwanangu. "Lakini..."

"Lakini ni jina lako hilo, si jibu."

Jamani, mkwe nimempata! Akili yake haina urefu, ila inafika.

Mngedhani yameisha. Juzi mwanangu ananiletea chai, anakaa, anakohoa. "Mama, ndoa ni jambo jema, lakini labda tungengoja mvua ziishe." Nilikwenda kutafuta kalamu. Yeye hajui nilichoandika humu; atakisoma leo pamoja nanyi, amekaa mbele, mama wa kufungasha ubavuni pake. Mtazameni sasa hivi. Mwoneni anavyofungua mdomo. Mkimsikia anaanza na lile neno lake, pigeni makofi hadi lisisikike.

Asanteni kwa kunitunzia mtoto na kumvumilia, maana kazi hiyo naijua. Nawe mwanangu, kifua changu kimejaa fahari hadi kinabana. Pumzika, ule ushibe, ucheke na mwenzako, na kengele ya mtu yeyote usiiguse.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, nyumbani kwangu, mvua inyeshe isinyeshe. Mje wote. Na bwana harusi naye aje.